Jurji Zaydan na Riwaya ya Kihistoria: Maisha ya Mwalimu Aliyenyimwa Darasa

Kwa wasomaji wengi wa Kiswahili, Harun al-Rashid ni yule mfalme wa Baghdad anayetaniwa na kuzidiwa werevu na Abunuwasi katika Hekaya za Abunuwas. Huseni bin Ali wanamjua kupitia utenzi wa Hemed Abdallah el-Buhriy, na Herekali, Kaisari wa Rumi, wanakutana naye katika Utendi wa Tambuka ulioandikwa Pate mwaka 1728. Katika ulimwengu wa Kiarabu, watu hawa hawa na zama zao waliingia katika nyumba za wasomaji wa kawaida kwa njia nyingine kabisa, yaani kupitia riwaya za mapenzi zilizotolewa sehemu baada ya sehemu katika jarida moja la Kairo. Mtunzi wake alikuwa Jurji Zaydan, Mkristo wa Beirut aliyehamia Misri. Kati ya mwaka 1891 na 1914 aliandika riwaya zaidi ya 20, nyingi kati ya hizo zikihusu historia ya Kiislamu. Chuo kikuu kilipomwalika kuifundisha historia hiyo hiyo, kilimfungia mlango kabla hajatoa hata mhadhara mmoja.

Zaydan alizaliwa Beirut tarehe 14 Desemba 1861, wakati mji huo ukiwa chini ya dola ya Waturuki wa Uthmania. Familia yake ilikuwa ya madhehebu ya Kiorthodoksi, wala haikuwa ya watu wenye nafasi. Baba yake, Habib, alikuwa na mkahawa mdogo wa kuuza chakula. Mzee huyo hakujua kusoma wala kuandika, na elimu ya mwanawe aliithamini kwa kadiri ilivyoweza kuusaidia mkahawa. Kwa hiyo Jurji alitolewa shuleni angali mdogo, akawa mhudumu na mwandishi wa hesabu. Kwa muda aliwekwa kwa fundi wa viatu ajifunze ushoni, kazi ambayo afya yake haikuistahimili. Aliyoyapata baada ya hapo aliyapata kwa kuiba saa za usiku: alisoma Kiingereza katika madarasa ya jioni, na akasoma vitabu vyovyote vilivyomfikia. Mkahawani alizoeana na wateja waliokuwa wanafunzi wa Chuo cha Kiprotestanti cha Syria, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut. Mazungumzo yao yalimtia uchu. Baada ya maandalizi ya miezi michache alijitokeza kwa mtihani wa kuingia, akafaulu, na mwaka 1881 akaanza kusomea udaktari katika chuo hicho.

Udaktari haukumkalia. Katika mahafali ya mwaka 1882, mwalimu mmoja wa sayansi, Edwin Lewis, alitoa hotuba iliyomtaja Charles Darwin kwa heshima. Wakuu wa chuo, waliokuwa wamishonari, walikasirika na Lewis akalazimika kuondoka. Wanafunzi wa udaktari waligoma kumtetea, na Zaydan alikuwa miongoni mwao. Mgomo ulishindwa. Mwaka uliofuata alikopa pesa kwa jirani akapanda meli kwenda Misri, akiwa na nia ya kuendelea na udaktari huko. Nia hiyo nayo haikufika mbali.

Misri aliyoikuta ilikuwa imekwisha kukaliwa na Waingereza tangu mwaka 1882, na ilikuwa imejaa Wakristo wa Shamu waliokimbilia huko kutafuta kazi na uhuru wa kuandika. Zaydan aliajiriwa kuhariri gazeti la Al-Zaman. Mwaka 1884 aliandamana na jeshi la Waingereza lililopelekwa Sudan kumwokoa Jenerali Gordon aliyezingirwa Khartoum na majeshi ya Mahdi. Kazi yake ilikuwa ukalimani. Gordon aliuawa Januari 1885 kabla msaada haujamfikia, na Zaydan akarudi na nishani za kijeshi pamoja na malighafi ya riwaya. Utumishi huo mfupi unastahili kukumbukwa, kwani ulikuja kuwa na uzito usiotarajiwa katika maisha yake ya baadaye.

Kabla hajawa mtunzi wa riwaya, Zaydan alikuwa mwanaisimu, jambo ambalo wahakiki wa riwaya zake hulipita haraka mno. Mwaka 1885 alirudi Beirut akajifunza Kiebrania na Kisiria, na mwaka 1886 akachapisha kitabu juu ya maneno ya Kiarabu na falsafa ya lugha. Humo alitumia mbinu za isimu linganishi zilizokuwa zikivuma Ulaya, akajaribu kuonyesha kuwa mizizi ya maneno ya Kiarabu inatokana na silabi chache za kuiga sauti za maumbile. Nadharia hiyo imekwisha kupitwa na wakati. Hata hivyo, aliirudia mada hiyo mwaka 1904 katika kitabu kingine kilichodai kuwa lugha ni kiumbe hai: maneno huzaliwa, huzeeka na kufa, na lugha hukopa kutoka kwa majirani zake bila kupungukiwa na heshima. Waliowahi kushiriki katika mijadala ya ukopaji na usanifishaji wa Kiswahili watauona mjadala huo kuwa wa nyumbani. Zaydan hakuunga mkono wazo la kuandika kwa lahaja za mitaani badala ya Kiarabu fasaha. Alichokitaka ni Kiarabu fasaha kilichovuliwa mapambo: sentensi fupi, msamiati wa kila siku, bila vina vya nathari ambavyo waandishi wa zama zake walivihesabu kuwa ndiyo ufundi wenyewe. Riwaya zake zote zimeandikwa kwa lugha hiyo, na bila hiyo zisingesomwa na watu zilioandikiwa.

Mwaka 1891 mambo matatu yalikutana. Alimwoa Maryam Matar, akaingia ubia wa kiwanda cha uchapaji, na akatoa riwaya yake ya kwanza, Al-Mamluk al-Sharid, yaani Mamluki Mtoro, inayohusu Misri na Lebanon mwanzoni mwa karne ya 19. Riwaya ilipokewa vizuri kiasi cha kumfanya aache ualimu aliokuwa akiufanya katika shule moja ya Kiorthodoksi ya Kairo na kutegemea kalamu. Septemba 1892 alitoa toleo la kwanza la jarida la Al-Hilal. Neno hilo halihitaji tafsiri kwa Mswahili anayeujua mwezi mwandamo. Zaydan mwenyewe alilieleza jina hilo kwa sababu tatu: hilali ni alama ya dola ya Uthmania, jarida lingechomoza kila mwezi, na alitumaini lingekua hadi kuwa mwezi mpevu. Katika miaka ya mwanzo aliandika sehemu kubwa ya jarida peke yake: makala za historia, wasifu wa watu mashuhuri, majibu ya maswali ya wasomaji, habari za sayansi, na riwaya.

Utaratibu aliouzoea ulikuwa karibu riwaya moja kila mwaka. Sura zilitolewa jaridani, kisha mwaka ulipoisha riwaya nzima ikachapishwa kuwa kitabu. Mwanzoni aliandika juu ya nyakati za karibu. Asir al-Mutamahdi, ya mwaka 1892, inawafuata wapenzi wawili, Shafiq na Fadwa, katika misukosuko ya uasi wa Urabi na vita vya Mahdi, na mandhari yake ya Sudan ni ya mtu aliyeyaona kwa macho. Kuanzia Armanusa al-Misriyya, inayosimulia Waarabu walivyoiteka Misri katika karne ya saba, alibadili mwelekeo. Aliamua kuisimulia historia ya Kiislamu tangu chimbuko lake, hatua kwa hatua. Fatat Ghassan ilifuata, ikihusu Waghassani, Waarabu Wakristo waliokuwa chini ya himaya ya Herekali. Kisha zikaja riwaya za makhalifa wa mwanzo, mauaji ya Karbala ya mwaka 680, utawala wa Al-Hajjaj bin Yusuf, kutekwa kwa Andalusia mwaka 711, vita vya Poitiers vya mwaka 732, kupanda kwa Waabasi, hadi Salahuddin na Shajarat al-Durr, mwanamke aliyekalia kiti cha usultani wa Misri mwaka 1250. Kwa ukubwa wa mpango, ni wachache mno katika lugha yoyote waliojaribu jambo la namna hiyo.

Zaydan aliwajua watangulizi wake wa Ulaya, Walter Scott na Alexandre Dumas, na mara nyingi amefananishwa nao. Yeye mwenyewe aliukataa ulinganisho huo kwa hoja mahususi. Katika dibaji ya riwaya yake juu ya Al-Hajjaj alieleza kuwa baadhi ya waandishi wa Ulaya huitumia historia kuivisha hadithi nguo ya ukweli, na matokeo yake msomaji hupotoshwa. Yeye alidai kufanya kinyume: historia ndiyo bwana, nayo hadithi ya mapenzi ni mtumishi anayemshika msomaji mkono asichoke njiani. Ili kulithibitisha hilo alianza riwaya kwa orodha ya wahusika, na chini ya kurasa akataja vyanzo vyake kama vile Ibn al-Athir na Al-Masudi. Riwaya ya mapenzi yenye tanbihi za mwanahistoria ilikuwa kitu kigeni wakati huo, na ni kigeni hata sasa.

Je, mtumishi huyo alimtii bwana wake? Wakati mwingine, ndiyo. Riwaya iitwayo 17 Ramadhani inahusu kuuawa kwa Khalifa Ali mwaka 661. Mapokeo ya kale yenyewe yanasimulia kuwa Ibn Muljam, muuaji, alimpenda Qatam, mwanamke ambaye jamaa zake waliuawa vitani na majeshi ya Ali, na kwamba Qatam alitaka damu ya Ali iwe mahari yake. Hapa Zaydan hakuwa na haja ya kubuni mapenzi pembeni mwa siasa. Mapenzi na siasa vilikuwa ni kitu kimoja, na riwaya ina nguvu kwa sababu hiyo. Lakini katika nyingine nyingi, wapenzi wa kubuni wanatenganishwa na vita, wanajibadili mavazi, wananasa siri kwa kusikiliza nyuma ya pazia, na wanakutana tena kwa sadfa ambazo msomaji makini hawezi kuzimeza. Wahusika wema ni wema mtupu na waovu ni waovu tangu ukurasa wa kwanza. Kwa vigezo vya leo sifa hizo ni za riwaya pendwa, na hakuna haja ya kuzionea haya kwa niaba yake. Upande wa pili ni kwamba wanawake wake hawakai wakingoja kuokolewa tu: wanabeba ujumbe, wanapanga njama, wanabishana na watawala.

Kisa kinachopima vizuri zaidi madai yake ni cha Al-Abbasa, riwaya ya miaka ya 1905 na 1906. Abbasa alikuwa dada wa Harun al-Rashid. Wanahistoria kadhaa wa kale wanasimulia kuwa Khalifa alipenda kukaa na dada yake pamoja na waziri wake Jafar wa ukoo wa Barmaki, akawaozesha ili kuwaondolea uharamu wa kuonana, kwa sharti kwamba ndoa iishie kwenye maneno. Sharti likavunjwa, watoto wakazaliwa kwa siri, na Harun alipogundua akamwua Jafar na kuuangamiza ukoo wake mwaka 803. Zaydan alikipokea kisa hiki na kukifanya uti wa riwaya. Harun wake si yule mfalme mcheshi wa Abunuwasi, bali ni mtawala mwenye shaka na kisasi, asiyemhurumia hata ndugu yake wa damu.

Ugumu ni kwamba Ibn Khaldun, katika karne ya 14, alikuwa amekwisha kukikataa kisa hicho katika Muqaddimah yake. Kwa maoni yake, Wabarmaki waliangushwa kwa sababu walikuwa wameyateka madaraka na mali ya dola, na habari za ndoa ya siri zilikuwa porojo. Zaydan alikuwa mwanahistoria. Si mtu wa kudhaniwa kuwa hakukijua kitabu hicho. Alichagua kisa kwa kuwa kilikuwa kinasimulika, na sifa ya Khalifa na dada yake ikalipia gharama. Hapa mapenzi yaliiongoza historia, kinyume cha dibaji. Wasomaji wengi Waislamu walioona fahari ya zama za Waabasi ikichorwa hivyo na mwandishi Mkristo hawakulitazama jambo hilo kama suala la fani tu.

Sambamba na riwaya, kati ya mwaka 1902 na 1906 Zaydan alitoa juzuu tano za historia ya ustaarabu wa Kiislamu. Kazi hiyo ilimpa jina hadi Ulaya, na D. S. Margoliouth wa Oxford akaitafsiri juzuu ya nne kwa Kiingereza mwaka 1907. Chuo Kikuu cha Misri kilikuwa kimefunguliwa Kairo mwaka 1908 kama chuo cha watu binafsi. Katika mwaka 1910 kilimwomba Zaydan afundishe historia ya Kiislamu. Mtoto wa mkahawa, aliyeacha chuo bila shahada, aliitwa kuwa mhadhiri. Alikubali na kuanza kuandaa mihadhara. Kisha wakuu wa chuo wakaurudisha nyuma mwaliko wao, wakihofu kuwa umma wa Kiislamu haungevumilia Mkristo afundishe somo hilo. Nafasi ikapewa Mwislamu. Zaydan alimweleza mwanawe Emile, aliyekuwa akisoma Beirut, mkasa huo katika barua.

Ni rahisi kuuona uamuzi huo kuwa ubaguzi wa dini na kuishia hapo, na ubaguzi ulikuwamo. Lakini mazingira ya mwaka huo yanafaa kukumbukwa. Mwezi Februari 1910 Waziri Mkuu Boutros Ghali, Mkristo wa Kikopti, alikuwa ameuawa kwa risasi na kijana mzalendo aliyemshutumu kuwa mtumishi wa Waingereza, na uhusiano wa Waislamu na Wakopti ulikuwa umeharibika sana. Wakristo wa Shamu walioshika magazeti ya Kairo walitazamwa na wazalendo wengi kama vibaraka wa ukoloni. Zaydan, aliyewahi kuvaa nishani za jeshi la Uingereza kule Sudan, hakuwa na kinga. Kilichoyafanya masikitiko yake yawe makubwa ni kwamba alikuwa amekwisha kuifundisha historia hiyo kwa maelfu ya Waislamu kwa karibu miaka 20, nao walikuwa wamelipa fedha zao kusomeshwa. Chuo kiliona hatari katika chumba kimoja cha mihadhara, ilhali riwaya zilikuwa tayari vyumbani mwa watu, mikononi mwa vijana wa kiume na wa kike ambao chuo hakikuwafikia.

Pigo la pili lilikuja mwaka 1912, na lilikuwa la hoja. Shibli Numani, mwanazuoni mkubwa wa Bara Hindi, aliandika uhakiki mkali wa kitabu chake cha ustaarabu, akamtuhumu kuwa aliwadunisha Waarabu, hasa wa enzi ya Umaiya, na kwamba alivinukuu vyanzo kwa upendeleo. Uhakiki huo ulichapwa na Rashid Rida katika Al-Manar, jarida la Kairo ambalo fikra zake ziliwafikia hata wanazuoni wa pwani ya Afrika Mashariki. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, mwanzilishi wa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, alikuwa miongoni mwa walioathiriwa nazo. Baadhi ya makosa aliyoyataja Shibli yalikuwa makosa kweli, kwani mtu anayetoa jarida, riwaya na juzuu ya historia kwa mwaka mmoja hawezi kukagua kila nukuu.

Zaydan hakupunguza mwendo. Alisafiri Ulaya mwaka 1912 na Palestina mwaka uliofuata, akiandika juu ya aliyoyaona. Aliandika riwaya juu ya mapinduzi ya Uthmania ya mwaka 1908, tukio ambalo alilishuhudia akiwa mtu mzima na alilipokea kwa matumaini makubwa. Kuanzia mwaka 1911 alikuwa akitoa juzuu za historia ya fasihi ya Kiarabu, kazi ambayo ilimchukua hadi mwisho wa uhai wake. Mwezi Julai 1914, akiwa na umri wa miaka 52, alifariki ghafla nyumbani kwake Kairo, akiwa kazini usiku. Shajarat al-Durr ikawa riwaya yake ya mwisho.

Wanahistoria wa fasihi hawajamtendea kwa usawa. Kwa desturi, mwanzo wa riwaya ya Kiarabu yenye uzito wa kisanaa huhesabiwa kuwa Zaynab ya Muhammad Husayn Haykal, ya mwaka 1913, na kazi za Zaydan huwekwa katika fungu la burudani na mafunzo. Mgawanyo wa aina hiyo unafahamika kwa wanaohakiki riwaya ya Kiswahili, ambamo Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela, ya mwaka 1934, hujadiliwa kama historia na wengine kama riwaya, huku kila upande ukimsukumia mwenzake. Wasomaji hawakungoja uamuzi wa wahakiki. Riwaya za Zaydan zimetafsiriwa kwa Kiajemi, Kituruki na Kiurdu, na zimechapishwa upya kwa Kiarabu mara nyingi. Mwaka 2012 Shajarat al-Durr ilitoka kwa Kiingereza katika tafsiri ya Samah Selim. Wanawe Emile na Shukri waliliendeleza jarida na kulijenga kuwa shirika kubwa la uchapishaji, Dar al-Hilal, ambalo lilitaifishwa na serikali ya Nasser mwaka 1960 pamoja na magazeti mengine ya Misri.

Mwaka 1908, miaka miwili kabla ya mkasa wa chuo kikuu, Zaydan alikuwa ameanza kuandika tawasifu. Alisimulia mkahawa wa baba yake, fundi wa viatu, madarasa ya usiku na siku aliyofaulu mtihani wa kuingia chuoni, kwa lugha ile ile nyepesi ya riwaya zake. Alifika kwenye mgomo wa mwaka 1882, mwalimu alipofukuzwa kwa hotuba na wanafunzi wakatoka nje, na hapo akaacha. Kitabu hicho kilichapishwa Beirut mwaka 1966, na hakina neno juu ya riwaya hata moja.